Ganda la Risasi na Lindo la Umeme

Kila askari aliyepita uwanja wa shabaha amewahi kuamriwa kuokota maganda ya risasi alizofyatua. Ni wangapi kati yetu waliojiuliza ganda lile limetengenezwa kwa kitu gani? Ni mchanganyiko wa sehemu saba za shaba na sehemu tatu za zinki. Zinki hiyo sharti iwe safi, ama sivyo ganda huweza kupasuka linapofinyangwa kiwandani.

Mwaka 1914 Waingereza walijifunza jambo hilo kwa uchungu. Dola yao ilikuwa na mawe ya zinki tele huko Broken Hill, Australia, lakini sehemu kubwa ilikuwa ikipelekwa Ujerumani na Ubelgiji kuyeyushwa. Vita vilipozuka, Ujerumani ikawa adui, na Ubelgiji ikatekwa. Mwenye madini akabaki mikono mitupu, na bei ya zinki ikapanda mno.

Dawa ilipatikana kwenye nguvu za maji. Mwaka 1916 viwanda vya kusafisha zinki kwa umeme vilianza kazi Trail, nchini Canada, na Great Falls, nchini Marekani, karibu na maporomoko ya mito. Mawe huchomwa, kisha huyeyushwa katika asidi. Umeme hupitishwa ndani ya maji hayo, nayo zinki hujishikiza kwenye mabamba ya alumini ikiwa safi kabisa. Leo ulimwengu hutoa zaidi ya tani milioni 13 za zinki kila mwaka, na sehemu kubwa hupatikana kwa njia hiyo. China peke yake hutoa karibu nusu. Kila tani moja hula uniti zaidi ya 3,000 za umeme.

Wako wasemao kwamba Afrika ni tajiri kwa kuwa ina madini. Mimi nasema madini yasiyo na umeme ni utajiri wa wengine. Kwa jirani zetu wa Kongo, mgodi wa Kipushi uliofungwa mwaka 1993 ulifufuliwa mwaka 2024. Lakini kinachotoka humo ni makinikia, ambayo husafishwa ng'ambo. Hapa kwetu, umeme wa bwawa la Jinja lililofunguliwa mwaka 1954 ndio uliowezesha shaba ya Kilembe kuyeyushwa nchini.

Basi, ndugu askari na polisi, mara nyingi nimesikia vijana wakinung'unika wanapopangwa kulinda bwawa au nguzo za umeme. Huliona lindo hilo kuwa kazi duni, mbali na sifa za medani. Wanakosea. Mwizi anayekata nyaya usiku hauzimi mji peke yake. Huzima pia tanuri la kiwanda ambalo siku moja lingetutengenezea zana zetu wenyewe. Jeshi linalosubiri maganda ya risasi kutoka ng'ambo laweza kunyimwa siku yoyote. Alindaye umeme analinda uhuru.