Mwacheni Mzee Mia Nne na Nne na Gia Zake

Umezuka mtindo ambao mimi, niliyefundisha walimu kwa miaka mingi, siwezi kuunyamazia. Mtu anachukua gari la zamani lenye gia za mkono, anang'oa pedali ya klachi, kisha anafunga vibao viwili nyuma ya usukani. Akivuta cha kulia gia inapanda. Cha kushoto, inashuka. Klachi inakanyagwa na mtambo wa umeme au wa upepo, chini ya amri ya kompyuta. Hapa Rau yupo kijana aliyerithi Peugeot 404 ya marehemu baba yake, naye anataka kuagiza mtambo huo Ulaya. Namwambia hadharani: mwanangu, usifanye hivyo.

Vibao hivyo vilipata sifa mwaka 1989, Nigel Mansell wa Ferrari alipovitumia kushinda mashindano ya Formula One huko Brazil. Wanaosimulia ushindi huo huruka yaliyofuata. Mwenzake, Gerhard Berger, alimaliza mashindano matatu tu msimu mzima, na zaidi ya mara moja gia ndizo zilizomwangusha. Naye alikuwa na kiwanda kizima nyuma yake!

Eti faida yake ni mikono kutobanduka usukanini. Jamani! Mkono wa gia wa 404 uko pale pale kwenye shingo ya usukani. Kwa gari la aina hiyo Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, matope na mawe yakiwa yale yale tunayoyajua.

Sasa njoo ushuke nami kutoka Materuni kupitia Uru wakati wa masika. Kabla ya kona unaingiza gia ya pili, injini inalishika gari, breki zinapumzika. Mguu unajua klachi inashikia wapi. Waya mmoja wa mtambo ukiingia maji hapo, utabaki na gia uliyo nayo, wala huna pedali ya kujiokoa. Na betri ikifa? Leo watoto wa jirani wanasukuma, unaachia klachi, gari linawaka. Ukishafunga mtambo, watasukuma mpaka magharibi.

Aliyepoteza mguu simbishii. Kwake mtambo huo ni haki. Ninaombishana nao ni wenye miguu miwili.

Fundi wetu huliweka giaboksi la 404 juu ya meza, akaliosha kwa mafuta ya taa, akawaonyesha wanafunzi wake jino lililolika. Hilo ni darasa, tena bora kuliko mengi niliyoyakagua. Kisanduku cha kompyuta kikigoma atawaonyesha nini? Atawaambia tusubiri kifurushi.

Kijana huyo azipeleke fedha zake kwa fundi: diski mpya ya klachi, mafuta mapya ya giaboksi. Zikibaki, alipie mwanawe akae gerejini likizo moja, ajifunze kulifungua.