Upasuaji wa Kupunguza Unene: Nani Atawasindikiza Vijana Wetu Baada ya Kisu?

Majuma machache yaliyopita nilitembelewa nyumbani na binti mmoja niliyemfundisha zamani katika shule ya msingi huku Kisauni. Sasa ana umri wa miaka 22. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za jamaa, alitoa mkobani kadi ya mchango, mfano wa zile tulizozoea kuletewa za arusi, karo au matanga. Hii haikuwa ya arusi wala ya matanga. Familia yake iliomba msaada wa jamaa na marafiki ili apelekwe Nairobi, akapasuliwe tumbo apunguze unene.

"Mwalimu," aliniambia akiwa ameinamisha macho, "najua wengi watacheka. Nimekuja kwako kwa sababu najua wewe hutacheka."

Maneno hayo yalinichoma kuliko alivyodhani. Nilikumbuka kwamba darasani mwangu binti huyu alibandikwa jina la "Lori", na kila lilipotajwa wenzake waliangua kicheko. Jina hilo sikulibuni mimi, lakini sikulikomesha. Na siku moja, tulipokuwa tukipanga madawati, nililitumia mwenyewe. Huenda yeye amesahau, ama amenisamehe kimyakimya. Mimi sijasahau, na ndiyo sababu nimeona ni wajibu wangu kulizungumzia suala hili hadharani badala ya kuandika jina kwenye kadi na kunyamaza.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo barazani huchanganywa yakawa kitu kimoja. La kwanza ni kunyonya mafuta. Mpasuaji hupenyeza mrija chini ya ngozi na kufyonza mafuta ya mahali fulani, kama vile kiunoni au mapajani. Hiyo ni kazi ya urembo. Haiponyi kisukari wala presha, na haimpunguzii mtu hamu ya kula. Itakumbukwa kwamba mnamo Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa aina hii katika kliniki ya kibinafsi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini (KMPDC) likaifunga kliniki hiyo. Tangu msiba huo, kila anayetaja upasuaji wa unene huonekana kama anayeliendea kaburi lake kwa miguu yake. Hapo watu huchanganya mambo.

La pili ni puto. Daktari humshushia mgonjwa puto la silikoni tumboni kupitia kinywani, kisha hulijaza maji kiasi cha nusu lita au zaidi, ili nafasi ya chakula ipungue. Hapana kisu. Baada ya miezi 6 au mwaka, kutegemea aina yake, puto hutolewa. Jirani zetu wa Tanzania wanalijua vyema jambo hili, kwani hospitali ya umma ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikiitoa huduma hiyo, na mwimbaji Peter Msechu alisimulia hadharani jinsi alivyowekewa puto huko. Kasoro ya puto ni kwamba likitoka, uzito aghalabu hurudi kwa yule ambaye mazoea yake hayakubadilika.

La tatu ndilo lililomleta binti yule kwangu, nao ni upasuaji wa tumbo lenyewe. Katika aina moja, mpasuaji hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, na sehemu inayosalia huwa nyembamba kama ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Katika aina nyingine, hutengwa kifuko kidogo mfano wa yai sehemu ya juu ya tumbo, kisha kikaunganishwa na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida. Hii ya pili ina historia ndefu. Mnamo 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliianzisha baada ya kuona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walikonda na hawakunenepa tena. Baadaye wataalamu waligundua kuwa siri haikuwa udogo wa tumbo peke yake. Upasuaji hubadilisha pia homoni zinazouambia ubongo kwamba mtu ana njaa au ameshiba. Kwa hiyo wanaodai kwamba mtu aliyepasuliwa amekwepa tu kazi ya kujizuia hawajaelewa kinachotendeka mwilini.

Je, unamfaa nani? Kuna kipimo ambacho mwanafunzi yeyote wa hesabu anaweza kukikokotoa: chukua uzito wa mtu kwa kilo, ugawanye kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 105 hupata takriban 41. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka mpaka: upasuaji ni kwa aliyefikia 40, au 35 ikiwa ana maradhi kama kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wapasuaji viliteremsha mpaka huo hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine, na hadi 30 kwa mwenye kisukari. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba hata watoto wa miaka 13 walionenepa kupita kiasi wapelekwe kuchunguzwa kama upasuaji utawafaa.

Najua kuna wasomaji watakaoshtuka. Mtoto wa miaka 13? Mimi pia nilishtuka, hadi niliposoma matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2019. Vijana waliopasuliwa kabla ya kufika miaka 20 walilinganishwa na watu wazima waliopasuliwa kwa njia hiyo hiyo. Baada ya miaka 5 vijana walikuwa wamepunguza asilimia 26 ya uzito wao, karibu sawa na watu wazima. Lakini katika kisukari tofauti ilikuwa kubwa. Kati ya waliokuwa nacho, kiliwatoka vijana 86 katika kila 100, ilhali kwa watu wazima ni 53 tu. Maana yake ni kwamba maradhi yakiwahiwa mapema huondoka, na yakiachwa yakakomaa hung'ang'ania. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Binti wangu ana kisukari tangu akiwa na miaka 18. Amejaribu kufunga, amejaribu kutembea, amekunywa chai za kila aina zinazouzwa barabarani kwa ahadi za uongo. Kumwambia leo kwamba anatafuta njia ya mkato ni kumwonea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, uchunguzi huo huo una upande wa pili, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Karibu nusu ya vijana wale walipatikana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, kiwango kilichowapita watu wazima kwa mbali. Tumbo lililokatwa halifyonzi virutubishi kama zamani. Aliyepasuliwa anapaswa kumeza vitamini, chuma na kalisi kila siku, si kwa mwezi mmoja bali maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Akiacha, hupungukiwa na damu, mifupa hudhoofika, na ukosefu wa vitamini B12 waweza kumharibu mishipa ya fahamu. Msichana hushauriwa asishike mimba kwa kipindi cha mwaka mmoja au mmoja na nusu, ilhali kupungua uzito kwenyewe humwongezea uwezekano wa kushika mimba. Pombe nayo hupanda kichwani haraka zaidi kwa aliyepasuliwa. Haya yote anatakiwa kuyabeba mtu wa miaka 20 na ushei, umri ambao sisi walimu twajua fika jinsi ilivyo vigumu kumkumbusha mtu hata kuja na kalamu.

Kwa hiyo swali la kuuliza si iwapo upasuaji huu ni mzuri au mbaya. Kwa mgonjwa anayestahili, akiwa mikononi mwa wapasuaji wenye uzoefu, ni tiba halali. Swali ni nani atakayemsindikiza. Jamaa watachanga kwa ajili ya kisu, kwani kisu kina tarehe, kina hospitali na kina kadi. Lakini katika mwaka wa tano, vidonge vitakapokwisha na kazi haijapatikana, nani atachapisha kadi ya vidonge? Sijapata kualikwa katika mchango wa vitamini.

Fikiria kijana wa Likoni aliyepasuliwa Nairobi. Akirudi nyumbani, akianza kutapika au kuona kizunguzungu usiku, hana budi kumweleza muuguzi wa zamu jambo ambalo huenda muuguzi hajawahi kulishughulikia. Hospitali zetu za umma za bara hii, kama ile ya Likoni na ile ya Port Reitz huko Changamwe, zinawahudumia wagonjwa wa kisukari na presha. Hazihitaji vyumba vipya vya upasuaji ili kumfaa kijana huyo. Zinahitaji daftari la waliopasuliwa popote pale, muuguzi aliyefunzwa dalili za hatari, kipimo cha damu na vidonge visivyokatika. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, iwaeleze wananchi kwa lugha wanayoielewa ni nini hasa inacholipia kabla ya kisu na baada yake. Na daktari anayempokea kijana bila kumweleza habari za miaka ijayo hajamtibu, amemuuzia.

Tusijidanganye pia kwamba hili ni tatizo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi kiasi au wamenenepa kupindukia. Kwa wanaume ni 19 katika kila 100. Hakuna nchi iwezayo kuwapasua watu wote hao, wala haifai. Kijana wa Changamwe huamkia chai ya sukari nyingi na mahamri, adhuhuri akala viazi karai na soda kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu na vinavyoshibisha kwa bei nafuu, na jioni hawezi kukimbia barabarani kwa sababu ya malori ya bandarini. Mitaa ya Kisauni imejaa nyumba hadi mlangoni mwa shule, na uwanja uliobaki huchezewa na wavulana. Msichana akishavunja ungo huambiwa atulie. Twamtuliza miaka 10, kisha twamlaumu kwa unene.

Tena twamchanganya. Pwani yetu imeuheshimu mwili mnene tangu zamani. Mtu akinawiri husemwa ameneemeka. Miaka ya ukimwi ilipokuja, kukonda kukawa ndiko kunakoshukiwa, na wengi wakaogopa kupungua hata kilo tano wasije wakanong'onwa. Leo vijana hao hao wanaonyeshwa kwenye simu viuno vyembamba vya watu wa mbali na kuambiwa kwamba huo ndio uzuri. Mama anamhimiza binti amalize sahani, simu inamwambia afe njaa, na shuleni anaitwa Lori. Si ajabu akikimbilia mahali popote panapomwahidi mwili mwingine, hata penye hatari.

Hapo ndipo sisi walimu tunapoingia. Somo la lishe tunalifundisha ubaoni, kisha kengele ikilia twawaachia wanafunzi wanunue soda na vibanzi langoni. Kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuporwa mtihani unapokaribia. Haya tunaweza kuyarekebisha bila kusubiri serikali. Na zaidi ya yote, tuukomeshe utani. Mtoto anayechekwa hakondi kwa kuchekwa. Hujificha, huacha kukimbia mbele ya watu, na hula peke yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu ana uzito uliomzidi, jueni kwamba unene wa kiasi hicho ni ugonjwa wenye sababu nyingi, nyingine za urithi, na mgonjwa hapewi jina la gari.

Binti yule nilimwomba radhi kwa jina lile. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba alidhani mimi ndiye niliyesahau. Tulikaa tukaandika maswali ya kumpelekea daktari: ni wangapi umewapasua, nitafuatwa kwa miaka mingapi, vidonge vitanigharimu kiasi gani kwa mwezi, nikiugua nikiwa Kisauni nimpigie nani? Nilimshauri asikubali tarehe ya upasuaji kabla ya kuyapata majibu yote manne. Kisha niliandika jina langu kwenye kadi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini mchango wangu niliugawa mara mbili: nusu ya kisu, na nusu nimeiweka kando kwa ajili ya vidonge vya mwaka wa kwanza. Wengine walioletewa kadi kama hiyo wangefanya vivyo hivyo.