TUNUNUE SASA AU TUNGOJE?



Neno lililoleta ubishi mwingi katika mkutano wa tawi uliopita halikuwa mshahara wala nyumba. Lilikuwa kompyuta ya ofisi.

Ile kompyuta yetu ya kukunja, ambayo vijana huiita laptopu, imekufa. Betri ilivimba hata ikainua kibodi. Fundi alipoifungua alikuta betri imebandikwa kwa gundi, na vipande vingine vimechomelewa juu ya bodi, akasema kuitengeneza kutagharimu kuliko kununua nyingine. Diski aliweza kuitoa. Ndani yake mna orodha ya ada zenu, na barua zote za ndugu yetu aliyesimamishwa kazi, ambaye shauri lake halijakwisha. Siku hizi karani wetu huchukua diski hiyo akaenda saiba, akalipa kwa dakika, na barua za siri za mwanachama zikasomwa na kila apitaye nyuma ya kiti.

Wako wanachama wasemao tusinunue sasa, tungoje kompyuta ya vipande, kama ile ya kampuni ya Framework ya Marekani. Wasiotafsiri upesi maneno ya vijana wajue ni kitu gani. Ilianza kuuzwa mwaka 2021. Betri, kioo, kibodi na hata bodi kuu, vyote hufunguliwa kwa bisibisi moja tu, na kampuni yenyewe huuza kila kipande mbali mbali. Mwaka 2022 ilipotoa bodi yenye nguvu zaidi, aliyenunua kompyuta ya kwanza aliweza kuitia bodi hiyo ndani ya kasha lile lile la zamani.

Sisi watu wa reli hatuwezi kulicheka wazo hilo. Behewa likiharibika magurudumu, hubadilishwa magurudumu, na behewa likarudi kazini.

Lakini twauliza: tungoje mpaka lini? Mwaka ule wa 2021 bei yake ya chini ilikuwa dola 749, bila kumbukumbu, bila diski, na bila chaja. Hapa Nakuru hatujaona duka hata moja linaloiuza. Kipande kikiharibika itabidi kiagizwe ng'ambo, na karani arudi saiba. Tena mambo ya kuahidiwa twayajua. Ile simu ya vipande ya Google, iliyoitwa Ara, ilitangazwa mwaka 2013, ikafutwa mwaka 2016 bila kuingia sokoni. Na katika kampeni za mwaka 2013 wazazi wa Kenya waliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tabuleti zilipoanza kugawanywa shuleni mwaka 2016, watoto wale walikuwa wamefika darasa la nne.

Wazee wetu wanayakumbuka magari makubwa ya Garratt ya aina ya 59, yaliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Garratt nayo ilikuwa ya vipande: boila katikati, na injini mbili, moja mbele na moja nyuma. Kiwanda kilichoziunda kilifungwa mwaka 1966. Hata hivyo Garratt ziliendelea kuvuta mizigo mpaka karibu na mwaka 1980, kwa sababu karakana ya Nairobi ilikuwa na mafundi na vyombo vyake. Gari lililoweza kufunguliwa lilimkuta fundi wa kulifungua hapa hapa.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba tusingoje. Tununue iliyotumika, ile inayoletwa kutoka Ulaya, ya aina ambayo mafundi wa mjini huifungua kila siku na vipuri vyake vimejaa vibandani. Lakini vijana wana haki katika jambo moja: tusinunue tena kitu cha gundi. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimisha wauzaji wa laptopu kuandika alama, kati ya 10, ya kuonyesha kama chombo chaweza kutengenezwa. Hapa itatubidi tuangalie wenyewe. Muuzaji afungue kifuniko cha chini mbele yetu kabla ya kupokea fedha. Betri iwe imeshikwa kwa skrubu au kwa kitasa, diski itoke, na kumbukumbu iwe na nafasi yake ya kuchomolewa. Akikataa kufungua, twende kibanda kingine. Tumwulize pia kama yaweza kuchukua Windows 11, kwa maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama haiwezi, iwekwe Linux, ambayo haina malipo, na vijana wanaotaka tungoje wamfundishe karani kuitumia.

Mweka hazina ataleta bei tatu za mafundi watatu katika mkutano ujao wa tawi, na kura itapigwa kwa mikono. Mwanachama ajuaye fundi mwaminifu ampelekee mweka hazina habari zake mapema.