Bamba Jipya, Mchoro wa Zamani

Karakana za kuunda mabodi ya malori na mabasi ambazo zinaacha bati la chuma na kushika alumini hazistahili kulaumiwa. Sababu yao ni njema: alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, wala haiozi kwa kutu katika hewa ya chumvi ya pwani yetu. Tunalolalamikia ni desturi ya kutwaa mchoro ule ule wa zamani, kubadili jina la bamba tu, kisha kuanza kukata.

Kwa unene mmoja na mzigo mmoja, bamba la alumini hupinda mara tatu zaidi ya lile la chuma. Palipokuwa na chuma cha milimita 1 hapana budi pawe na alumini ya karibu milimita 1.5, na hata hapo uzito utakuwa kama nusu tu ya ule wa kwanza. Anayeweka milimita 1 kwa milimita 1 anamwuzia mwananchi ukuta unaotetemeka. Tena kona kali ambazo fundi amezoea kuzikunja katika chuma, katika alumini iliyo ngumu hupasuka upande wa nje, na ufa huo hauonekani siku ya kukabidhi gari.

Land Rover twaijua sote. Ilipotolewa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita iliyopita, ndipo waundaji wakaivika alumini juu ya fremu ya chuma. Bodi ile imedumu mno. Lakini itazame Land Rover kuukuu iliyokaa Tanga au Lindi: pale alumini inapogusana na chuma, rangi imefura na unga mweupe unatoka. Maji ya chumvi yakizikuta metali hizo mbili pamoja, alumini ndiyo iliwayo. Dawa yake si ghali: kipande cha mpira kati yake, na ribiti za alumini badala ya za chuma.

Kuchomelea nako ni elimu ya pekee. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, tena haiwi nyekundu kumwonya fundi kabla haijatoboka.

Kwa hiyo idara na vyama vya ushirika vinavyoagiza mabodi ya alumini vidai kwanza mchoro mpya, wenye unene, mapindo na namna ya kufunga, kabla ya kutoa hata senti moja ya malipo ya awali.