BETRI HII IMETENGENEZWA NA NANI?

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani na Kariakoo, betri za magari zimepangwa kwa majina mengi hata mnunuzi hajui ashike lipi. Mengine ni majina ya viwanda. Mengine ni majina ya wafanyabiashara tu. Mnunuzi hudhani kila jina lina kiwanda chake. Sivyo. Majina ni mengi, viwanda ni vichache. Twaona yafaa kulieleza jambo hili, maana linagusa mfuko wa kila mtu ambaye riziki yake imo katika gari.

Betri ya risasi na asidi asili yake ni ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: sahani za risasi ndani ya asidi. Kuzitengeneza kwa wingi kwahitaji mitambo ya gharama kubwa, na mitambo hiyo hailipi ila ifanye kazi bila kupumzika. Kwa hiyo kiwanda hutengeneza betri za jina lake, kisha kwa mitambo ile ile hutengeneza za wateja wake, na kubandika juu yake jina lolote waliloagiza. Mfanyabiashara wa namna hii hahitaji tanuri wala fundi. Ahitaji fedha, agizo na jina.

Tutazame Marekani. Mwaka 1967 kampuni ya maduka ya Sears ilianza kuuza betri iliyoitwa DieHard. Mtengenezaji wake alikuwa Globe-Union wa mji wa Milwaukee, ambaye mwaka 1978 alinunuliwa na Johnson Controls. Mwaka 2019 jina hilo la DieHard liliuzwa kwa kampuni ya Advance Auto Parts kwa dola milioni 200. Wasomaji wetu waangalie vizuri: fedha zote hizo zilinunua jina, si kiwanda.

Na jina zuri laweza kuficha mali mbovu. Katika miaka ya 1990 Sears iliuziwa betri na kampuni ya Exide. Mwaka 2001 Exide ilikiri kosa mahakamani kuhusu udanganyifu wa kuuza betri mbovu. Mnunuzi aliliamini duka. Aliyemdhulumu alikuwa kiwanda asichokijua.

Hapa Afrika Mashariki jina hilo hilo la Exide lina historia ya peke yake. Betri za Chloride Exide hutengenezwa Nairobi na Associated Battery Manufacturers. Huko Bara Hindi jina la Exide ni la Exide Industries, kampuni mbali na ile ya Marekani. Jina moja, wazazi mbalimbali. Basi mtu asemaye, "Mimi nanunua Exide," bado hajasema amenunua kwa nani.

Hatusemi kwamba kila betri yenye jina la mwuzaji ni mbaya. Mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja na ile ya bei kubwa. Wala tusichanganye biashara hiyo na bidhaa bandia. Aagizaye betri kwa jina lake hafanyi kosa. Abandikaye jina la mwenziwe, au adanganyaye nchi ilikotengenezwa, ni mwizi, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ilitungwa kwa ajili yake. Hata tarakimu 620 zinazoanza chini ya mistari myeusi ya bidhaa zisimpumbaze mtu. Zaonyesha kwamba namba ilitolewa Tanzania. Hazithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa Tanzania.

Anayeumia ni nani? Ni dereva wa daladala au teksi, ambaye hesabu ya tajiri haingoji. Betri ikifa alfajiri, siku yake imekwenda. Tena betri hupoteza nguvu ikikaa rafuni, na joto la pwani huharakisha upotevu huo. Kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa ina maana kuliko picha iliyochorwa juu ya sanduku.

Yuko na mwingine asiyetajwa: mfanyakazi ayeyushaye betri chakavu ili risasi yake irudi kiwandani. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, sumu ya risasi kutoka kiwanda cha namna hiyo iliwadhuru watu wazima na watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo baada ya kutenguliwa katika rufani. Palipofichwa jina la kiwanda, hufichwa pia yaliyowapata watu wake.

Rai yetu ni hii. Mwenye duka na aweke jina lake, lakini kando yake yasomeke jina la kiwanda, nchi na tarehe. Na aliyeweka jina lake abebe dhamana yake: betri ikifa kabla ya muda, asimtume mnunuzi kwenda kumtafuta mtengenezaji ng'ambo ya bahari. Nanyi wanunuzi, kabla hamjatoa fedha, ulizeni maswali mawili: imetengenezwa wapi, na lini? Mwuzaji mwaminifu atajibu. Asiyejibu, mwachieni betri yake.