Kila Siku Hatua Moja ya Kupanda



Yeyote kati yetu aliyepanda mlima wa Ngomo akitoka Kamanyola na mzigo mgongoni anajua ilivyo. Chini unaacha joto la bonde la Ruzizi, juu unakuta baridi yetu. Hakuna anayefika kwa kuruka. Tunapanda kona kwa kona, tunatua mzigo, tunapumua, tunaendelea. Kumwendea Mungu ni safari ya namna hiyo. Ubatizo ni wa siku moja, lakini kupanda ni kwa kila siku, na kila asubuhi tunachagua upya.

Safari hii tunaifanya shambani, sokoni na jikoni, kwa hiyo ni rahisi kujidanganya. Tunaweza kuimba vizuri siku ya Mungu, na kesho yake sokoni tukaingiza kidole ndani ya kopo la kupimia maharagwe.

Tutazame mfano wa kijana wa huku kwetu Kivu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alikuwa pia katika jumuiya ya Sant'Egidio, na huko aliwasaidia watoto wa barabarani wapate kusoma. Mwaka 2007 alipewa rushwa ili apitishe chakula kilichooharibika. Alikataa, kwa sababu alijua kingewadhuru wale ambao wangekila. Mwezi wa saba mwaka ule alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwatajia vijana mfano wake pale Kinshasa mwezi wa pili 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma.

Tufikiri kidogo. Siku ile pesa zilipowekwa mbele yake haikuwa siku ya kuanza kujifunza uaminifu. Mtu hakatai kikubwa kama hajazoea kukataa kidogo. Na mazoea hayo huanza nyumbani, kando ya mafiga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sisi tunaofundisha tunayaona hayo darasani. Mtoto anarudi nyumbani na kalamu isiyo yake. Mama mmoja anamwambia, "Kesho asubuhi uirudishe kwa mwenyewe." Mwingine ananyamaza, maana kalamu ni pesa. Mzazi anayeleta kuku ili mtoto apandishwe darasa anamfundisha mtoto wake kwamba njia ya nyuma ndiyo njia. Somo hilo mtoto halisahau, hata akisahau hesabu zote.

Tunajua maisha ni magumu. Pesa za masomo, dawa na chumvi, vyote vinangojea franga zile zile. Lakini Mungu hamwombi mama apande mlima mzima leo. Anamwomba hatua ya leo. Na aliyeteleza jana hatupwi, anapewa mkono ainuke.

Juma hili tujaribu mambo matatu:

Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, tukae kimya dakika mbili na kumwuliza Mungu: leo wanitaka nichague nini?

Mchana, tufanye tendo moja la haki linalotugharimu. Kujaza kipimo, kulipa deni la sanduku la kikundi bila kungoja kufuatwa, au kumsalimu jirani ambaye hatusemezani naye.

Jioni, tukiwa tunakula, tuwaulize watoto: leo umekataa jambo gani baya? Nasi tuwaambie tulichokataa. Watoto hawatafuata maneno yetu kama hawaoni nyayo zetu.

Katika mkutano ujao, baada ya kuhesabu akiba, kila mama anayependa aseme hatua moja aliyopiga, hata ndogo. Asicheke mtu. Kule Ngomo wamama hupanda kwa kundi, na anayechoka husubiriwa kwenye kona. Basi na katika safari hii tusubiriane vilevile, mama kijana na bibi, mjane na mwenye mume, hadi tufike pamoja.

Mungu alibariki juma lenu na nyumba zenu.