Mgongo wenye kupinda: watoto wa Kolwezi hawawezi kungojea operesheni peke yake

Katika mitaa ya Manika na Dilala, hapa Kolwezi, wazazi wa mtoto mwenye misuli legevu wanahangaikia kwanza miguu. Ikiwa ni ju ya polio, ju ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ao ugonjwa wa misuli wenye kupita katika familia, hatari ingine inakuja polepole: mgongo.

Uti wa mgongo unashikiliwa na misuli ya pande zote mbili. Misuli ikilegea, unapinda, na mtoto akianza kurefuka haraka unapinda zaidi. Anashindwa kukaa, anapata vidonda, mapafu yanabanwa. Kikohozi cha kawaida kinaweza kumuua. Si ulozi, wala si namna mama alimubeba.

Operesheni iko. Munganga anafunga vyuma kando ya uti, mara nyingi mpaka kwenye nyonga, ili mifupa ishikamane. Misuli haiponi, na asiyetembea hatatembea. Faida yake ni kukaa sawa na kupunguza maumivu. Lakini inaomba saa nyingi, damu ya kutosha, mashine ya kupumulia na uangalizi mkali kisha. Mapafu yakiwa yameisha kuchoka, hata dawa ya usingizi inakuwa hatari.

Kwa hiyo kazi inaanza mbele ya operesheni: chanjo ya polio, kineziterapi, kiti chenye kushikilia kiwiliwili, picha ya mgongo mara kwa mara. Korse inasaidia kukaa, lakini haizuii mgongo kuendelea kupinda. Polio nayo si hadithi ya zamani: 2017 ilitokea Haut-Lomami, jimbo jirani.

Na makuta? Sheria ya madini ya 2018 inadai kila kampuni yenye kuchimba itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zenye kuguswa na mgodi. Jengo jipya linaonekana upesi. Kiti cha mtoto mmoja hakikatiwi utepe. Lakini wajumbe wa jamii wanakaa katika vikao vyenye kupanga matumizi ya pesa hiyo. Wazazi wanaweza kuanzia kwao: kuomba fungu la viti, la kineziterapi, na la safari ya mtoto ambaye munganga ameona anafaa kupasuliwa. Waombe sasa, mapafu ya mtoto yangali na nguvu.